Ukaguzi wa Magoti

Nilipofungua mlango na kumkuta yeye kizingitini, nilitaka kuufunga tena. Na ningeufunga kwa kishindo cha kusikika mtaa mzima, kama si kile kikapu alichokishika mkono wa kushoto.

"Habari za asubuhi," akasema.

"Zilikuwa nzuri mpaka ulipobisha hodi."

Alikuwa amevaa shati la bluu nililomshonea mwenyewe mwaka juzi, ukosi umeanza kupauka, na nikajikuta naangalia kama kifungo cha tatu, kile kilichokuwa kikilegea kila mara, bado kipo. Kilikuwepo. Kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mweusi, vibaya kabisa, na mtu ambaye sindano anaijua ya kuchomea ng'ombe tu. Nikajichukia kwa kuangalia.

Miezi minane nimekuwa nikizunguka mitaa miwili zaidi nikienda sokoni, ili tu nisipite mbele ya zahanati yake ya wanyama. Miezi minane jina lake halitajwi ndani ya nyumba hii. Ikibidi sana, anaitwa "yule". Leo yule mwenyewe yuko mlangoni kwangu, amechana nywele, ananiuliza habari za asubuhi!

"Namsubiri Mama Mlezi wa kituo," nikamwambia. "Miadi yetu ni saa tatu."

"Mama Mlezi goti limemvimba, hawezi kutambaa. Amenituma mimi."

"Kituo kizima hakuna mtu mwingine?"

"Yupo mlinzi. Lakini mlinzi anaogopa paka."

Angekuwa mtu mwingine ningecheka. Nikauma mdomo, nikasogea pembeni apite.

Kile kituo cha paka waliotelekezwa kina utaratibu wake, na ukiusikia mara ya kwanza utadhani unataniwa. Hawakupi paka kwa sababu umelia vizuri langoni kwao. Unajaza fomu, unahojiwa kama unaposa, halafu Jumamosi moja mkaguzi anakuja nyumbani kwako na paka mwenyewe ndani ya kikapu. Kikapu kinawekwa mlangoni. Mkaguzi anapiga magoti na kutambaa nyumba nzima, chumba kwa chumba, kichwa kikiwa kwenye urefu wa macho ya paka, maana Mama Mlezi anasema binadamu akisimama haoni hata nusu ya vitu vinavyoua. Ukifaulu, kikapu kinafunguliwa. Ukishindwa, kikapu kinarudi kilikotoka.

Nilikuwa nimefanya usafi siku tatu mfululizo. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka kwenye kisogo.

Aliinama, akakiweka kikapu kando ya mkeka wa mlangoni. Nikachungulia kwenye kijimlango cha waya. Macho mawili ya manjano yakanitazama kwa dharau, kisha ikaja sauti kama maji juu ya kaango la moto.

"Na wewe habari za asubuhi, Kisirani," nikasema.

Hilo ndilo jina walilompa. Sikio moja nusu, mkia una kona, miaka miwili kituoni, na watu watano walishamchukua wakamrudisha. Siku nilipokwenda kuchagua, paka wengine wote walinijia miguuni wakijipitisha kama wauza manukato. Huyu nilimnyooshea mkono akanizaba kofi. Nikamwambia Mama Mlezi, nataka huyu huyu. Sikutaka paka wa kunisahaulisha Pamba. Nilitaka mwenye hasira kama zangu, tukae wawili.

"Nani huyo?" Mama akauliza kutoka jikoni, akatokea na mwiko mkononi.

"Shikamoo, Mama," Daktari akasema.

Zamani nilikuwa na majina mengi ya kumwita. Siku hizi ni Daktari tu, na nalitema kama mbegu ya limau.

Mama alimtazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka usoni, kisha akanigeukia mimi. "Mchinjaji anataka nini humu ndani?"

"Ndiye mkaguzi, Mama."

"Ohoo! Fisi kapewa bucha."

Akarudi jikoni bila kuitikia. Shikamoo ya mtu mzima ikabaki inaning'inia sebuleni, na mwenyewe akasimama pale na fomu yake mkononi, masikio yamemwiva. Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikaona jinsi alivyokonda shingo.

"Anza," nikamwambia. "Magoti yapo chini hapo."

Niseme habari ya Pamba, maana bila yeye utaniona mwanamke mwenye roho mbaya tu.

Pamba aliletwa na baba yangu ndani ya mfuko wa koti, mweupe, mdogo kama glavu. Wiki mbili baadaye moyo wa baba ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu. Kwa hiyo Pamba hakuwa paka tu. Alikuwa kitu cha mwisho ambacho baba alinipa mkononi. Miaka kumi na moja alilala kando ya kanyagio la cherehani yangu, na nilijua kushona kwa mguu mmoja ili nisimwamshe.

Mwaka jana, zikiwa zimebaki wiki sita nifunge ndoa na Daktari, Pamba akaacha kula. Siku ya kwanza nikasema ni joto. Siku ya pili nikasema anadeka. Siku ya tatu akatapika, tukamkimbiza mimi na Mama kwa mtu niliyemwamini kuliko wote, ambaye pete yake ilikuwa kidoleni mwangu. Alisema anampasua saa ile ile. Mimi nilikuwa na gauni la mteja la kupeleka, nikaenda nikarudi mbio, nikamwacha Mama kwenye benchi la kusubiri. Niliporudi niliwakuta wote wawili koridoni, Mama analia, yeye bado ana kofia yake ya upasuaji.

"Amekufa," aliniambia. "Nilichelewa. Kosa ni langu."

"Ulichelewaje?"

"Kosa ni langu."

Nilimuuliza mara kumi na akanijibu mara kumi maneno yale yale, kama kasuku. Nikavua pete, nikaiweka juu ya mizani ya kupimia mbwa, nikaondoka. Hakunifuata. Hilo ndilo lililonichoma zaidi: hakunifuata hata mpaka mlangoni.

Sasa alikuwa anatambaa chini ya kochi langu.

"Hapa kuna pini," akasema, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Pini moja."

"Paka anahitaji moja tu."

Nikaipokea. Vidole vyetu havikugusana, nilihakikisha. Akapita nyuma ya kabati, akanusa kona moja kama mbwa wa polisi, akaingia jikoni. Huko Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga, miguu ameinyoosha katikati ya njia makusudi.

"Mama, samahani, naomba usogeze mguu nipite."

"Paka atakuwa anamwomba nani?"

"Paka angeruka."

"Basi ruka."

Akaizunguka miguu ya Mama kwa magoti, taratibu, kama mtu anayezunguka moto. Mama akaangusha bua la mboga mgongoni kwake. Akalitoa, akaliweka kwenye sinia, akaendelea. Nilisimama mlangoni nimefunga mikono kifuani, na kuna kitu ndani yangu kilitaka kumwambia Mama basi, inatosha. Sikukisikiliza.

"Jikoni pako safi sana, Mama," akasema akiinuka kupangusa magoti.

"Sikukuuliza."

Kikabaki chumba cha mwisho, chumba changu cha kushonea.

Hakuwahi kuingia humo. Wakati wa uchumba nilimkatalia kwa sababu ya gauni la harusi, nilitaka alione siku yenyewe. Mara ngapi alisimama mlangoni akibembeleza achungulie, nami nikimsukuma kifuani huku tunacheka! Leo nilimfungulia mlango kwa mguu.

"Karibu," nikasema. "Siri zimekwisha."

Alisimama kidogo kabla ya kushuka chini. Macho yake yakazunguka: cherehani dirishani, meza ya kukatia, rafu ya vidonge vya uzi nilivyopanga kwa rangi, na kule pembeni, nyuma ya mlango, kitu kirefu kimefunikwa shuka. Nilikuwa nimelitandaza lile shuka vizuri. Sikuwaza kwamba mtu akipiga magoti ataona chini yake.

Alipofika pale, akaacha kutambaa. Pindo la rangi ya maziwa lilikuwa limejitokeza kiganja kizima.

"Uliniandikia kwamba umelichoma," akasema.

"Niliandika kwamba nitalichoma."

"Na kwa nini hukulichoma?"

"Kiberiti kiliisha."

Aligeuza shingo akanitazama kutoka kule chini. Yale macho, jamani! Nilishasahau kwamba mtu huyu anapotazama hapepesi, anakutazama kama anasubiri umwambie panapouma. Nikageukia dirishani nikajifanya napanga vidonge vya uzi ambavyo vilikuwa vimepangika.

"Kazi," nikasema. "Kikapu kinangoja."

Akaendelea. Akapita chini ya meza, akasifu pipa la vibaki vya kitambaa kwamba lina kifuniko. Akasifu na sakafu. Nikaanza kuamini nimefaulu. Sasa nilikuwa nasubiri aone kile nilichokitengeneza, na nakiri, pamoja na chuki yangu yote, nilitaka akione. Nilikuwa nimemwandalia Kisirani zawadi ya kumkaribisha: kifungo kikubwa chekundu kwenye uzi mrefu, nimeufunga kwenye mpini wa droo ya chini ya cherehani, unaning'inia mpaka usawa wa pua ya paka. Pamba alikuwa na cha kwake pale pale. Angeweza kukizaba kofi asubuhi mpaka jioni.

Daktari aliingia chini ya cherehani, zikabaki nje soli za viatu tu. Zile soli zikatulia. Nikahesabu vidonge vya uzi mstari mzima, zikawa bado zimetulia.

"Umelala?" nikauliza.

"Hiki kifungo umekiweka wewe?" Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hapana, kimeota. Si mchezo wa paka huo?"

"Pamba alikuwa nacho kama hiki?"

"Usimtaje Pamba kwa mdomo wako."

"Nakuuliza, Fundi. Alikuwa nacho?"

Fundi. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ile. "Alikuwa nacho tangu mdogo," nikasema. "Kikikatika namfungia kingine. Kuna ubaya gani?"

"Kilikuwa kinakatika mara nyingi?"

"Uzi si uzi? Anauvuta, unakatika, kifungo kinabiringika huko, nafunga upya."

"Na kile kipande kilichokatika, kilikuwa kinakwenda wapi?"

Miaka kumi na moja nimeokota vifungo chini ya meza hii. Sikumbuki hata siku moja nimeokota uzi.

Alitoka chini ya cherehani kinyumenyume, akaketi sakafuni. Uso ulikuwa umempauka kama ukosi wa shati lake. Akachukua kalamu, akaiangalia fomu, asiandike.

"Siwezi kutia sahihi," akasema.

"Unasemaje?"

"Siwezi kumfungua huyu paka humu ndani. Siyo leo."

Damu ikanipanda mpaka kwenye utosi. "Nilijua! Nilijua tangu nilipofungua mlango! Umekuja kunikomoa. Umeniulia paka wa kwanza, sasa unaninyima wa pili!"

"Sikukomoi."

"Nimesugua sakafu hii kwa mswaki, unasikia? Kwa mswaki! Umeona pini moja nyumba nzima. Basi taja sababu."

"Uzi."

"Mimi ni fundi cherehani! Unataka nishone kwa gundi?"

"Uzi ulioning'inizwa ili paka auchezee. Hiyo ndiyo sababu."

"Paka wote duniani wanacheza na uzi!"

"Ndiyo," akasema, "na mimi nawapasua."

Akafumba mdomo pale pale, kama mtu aliyemwaga kitu. Akatupa jicho mlangoni, nami nikageuka. Mama alikuwa amesimama pale, mwiko umeshuka ubavuni.

"Mnatazamana nini?" nikauliza.

Huko sebuleni Kisirani alianza kukwaruza waya wa kikapu chake.

"Daktari. Nakuuliza mara ya kumi na moja. Pamba alikufa na nini?"

"Nilichelewa. Kosa ni..."

"Usinikasukie! Ulimpasua. Ulikuta nini ndani?"

Akatazama mikono yake. Nilikuwa naipenda mikono ile, imejaa makovu ya kuumwa na wanyama wa watu. "Fundi, acha. Nichukie tu kama ulivyokuwa unanichukia. Tulishazoea."

"Ulikuta nini?"

"Mwache," Mama akasema. "Mwache huyo kijana. Mimi ndiye niliyemwomba."

Sikumwelewa. Nilimtazama tu jinsi kidevu kilivyokuwa kinamtetemeka. Tangu siku ya baba sikuwa nimemwona Mama hivyo.

"Alitoka kule ndani na bakuli," Mama akasema. "Ndani ya bakuli kuna uzi. Rangi ya maziwa. Akaniuliza, Mama, huu ni uzi wa nini? Mimi nikaujua hata kabla hajamaliza kusema."

Sikuhitaji kutazama nyuma ya mlango. Gauni lote lile nililishona kwa uzi wa rangi ya maziwa, na wiki zile mezani kwangu hapakuwa na uzi mwingine. Kifungo cha Pamba nilikifungia huo huo. Hata kile cha Kisirani nilikifungia mabaki yake.

"Kosa ni la uzi, si lako," Daktari akasema haraka. "Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea kooni. Uzi ukishaingia hawezi kuutema, lazima ameze. Ncha moja ilimnasa chini ya ulimi, nyingine ikaenda tumboni, utumbo ukajikunja juu yake. Nilidhani aliokota kipande sakafuni. Sikujua kuhusu kifungo mpaka leo."

"Ukajikunja, halafu?"

"Inatosha, Fundi."

"Halafu?"

"Umeshaona watu wanavyokata mche wa sabuni kwa uzi," akasema.

Niliketi. Hapakuwa na kiti, niliketi sakafuni, mgongo ukiwa kwenye mguu wa cherehani, pale pale Pamba alipokuwa akilala. Siku ya kwanza joto, siku ya pili anadeka. Na kila mara kifungo kilipokatika nilimfungia kingine nikimwambia, haya, mwanamke, kazi iendelee.

"Nilimpigia magoti," Mama akasema. "Pale koridoni, mbele ya watu na mbuzi wao. Nikamwambia, baba yake ameondoka, na paka wa baba yake ameondoka. Ukimwambia ni mkono wake, mwanangu naye ataondoka. Nikamwambia, beba wewe, wewe ni mwanamume na ni daktari, kwako litapita. Akasema atabeba. Mimi sikujua utavua pete."

"Ulinyamaza."

"Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Baadaye kwa aibu. Kila nikimwona barabarani aibu inanikaba, nikaona heri nimtukane." Akajipangusa uso kwa kanga. "Ukishamtukana mtu mara tatu unaanza kuamini amekukosea."

Ungefikiri ningelia hapo, nimrukie shingoni, tusameheane wote watatu. Basi hunijui. Nilichopata ni hasira mpya kabisa, tena hii ilikuwa na miguu ya kusimamia.

"Miezi minane," nikasema. "Miezi minane nimemchukia mtu asiye na kosa, mbele ya macho yako, na unanipakulia chakula! Na wewe!" Nikamgeukia yeye. "Umekuja humu ukacheza mchezo wa kunikatalia paka, na bado ulikuwa tayari kuondoka bila kusema. Ningetundika uzi mwingine! Ungeniacha nimuue na huyu?"

"Ndiyo maana sikutia sahihi."

"Ungesema!"

"Nilimwahidi mama yako."

"Na mimi uliniahidi nini? Wakati unanivisha pete uliniahidi nini?"

Tulikuwa tumekaa sakafuni wote wawili, magoti yetu yakikaribiana, na nilikuwa naona ule uzi mweusi wa kifungo chake ulivyovurugika. Nilitaka kukikata kifungo kile nikishone upya. Nilitaka kumpiga nacho.

"Nilikupenda kiasi cha kukubali unichukie," akasema polepole.

"Hayo si mapenzi. Hicho ni kiburi. Ulikaa na mama yangu koridoni mkanipimia ninachoweza kubeba, kama mnapima kitambaa, na mimi mwenyewe sipo. Alikuwa paka wangu! Kumlilia ni haki yangu, na kujilaumu ni haki yangu. Hukuninyang'anya Pamba, Daktari. Umeninyang'anya msiba wangu."

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nilikosea. Nilidhani nakukinga, na kumbe nakukimbia. Nilivyokuona unaweka ile pete kwenye mizani nilitaka kukufuata. Nikajua nikikufuata nitasema. Kwa hiyo nilishikilia meza."

Mpaka sasa sijui kwa nini neno hilo la meza ndilo lililonivunja. Nilimwona tu, na kofia yake ya upasuaji, ameshikilia meza ya bati kwa mikono miwili ili asinifuate. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke, nikawa nalia huku nimemkazia macho kwa hasira. Alinyoosha mkono.

"Usiniguse," nikasema. Akaurudisha. "Andika."

"Niandike nini?"

"Imekataliwa. Si ndivyo fomu inavyosema? Andika."

"Unaweza kuutoa huo uzi sasa hivi, tukaangalia chumba pamoja, pengine..."

"Kwa siku tatu nimesafisha chumba hiki na sikuuona, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Andika imekataliwa. Jumamosi ijayo utarudi ukague tena."

Aliandika kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji, akaikunja nakala yangu mara mbili, akaiacha juu ya cherehani. Alipofika mlangoni akageuka. "Nirudi kama mkaguzi, au kama nani?"

"Rudi na magoti yako. Mengine sijayafikiria."

"Sawa."

"Na acha kuliangalia hilo gauni."

"Siliangalii."

Alikuwa analiangalia.

Nilimsindikiza mpaka sebuleni, si kwa ajili yake. Nilipiga magoti mbele ya kikapu, nikapitisha kidole kwenye waya. Kisirani akakinusa, akafikiri, kisha akanikwaruza mpaka damu.

"Haki yako," nikamwambia. "Jumamosi."

Daktari akakinyanyua kikapu. Alikuwa ameshavuka kizingiti Mama alipotoka na kusimama katikati ya sebule, mikono imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Marahaba," Mama akasema.

Daktari akasimama kule nje, ametugeuzia mgongo. Hakugeuka mara moja. "Asante, Mama," akasema hatimaye.

Nilifunga mlango kabla sijaanza kumwonea huruma. Nikarudi chumbani, nikachukua mkasi, nikakikata kile kifungo chekundu kutoka kwenye mpini wa droo. Uzi niliuviringisha kwenye kidole mpaka ncha, nikautia ndani ya kopo la bati na kulifunga kifuniko. Kisha nikaikunjua ile fomu.

Niliisoma nikiwa nimejiandaa kwa lolote, maana kuna mstari wa sababu, na mtu mkweli angeandika pale kwamba mwombaji alimwua paka wake wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye uamuzi aliandika: Imekataliwa. Chini yake, kwa mwandiko ule wa kidaktari ambao ni mimi peke yangu mtaa mzima ninayeweza kuusoma, aliandika: *Sababu: sakafu. Mwombaji anafaa, hata kwa paka mgumu kuliko huyu.*

Nikaisoma mara mbili. Nikaibandika ukutani kwa pini, ile ile aliyoitoa chini ya kochi, juu kabisa, mahali paka hafiki. Halafu nikashuka, magoti kwanza, kisha viganja, mpaka shavu likagusa saruji. Na kutoka kule chini nikaanza kuona: uzi mweupe kwenye ufa, uzi wa kijani kwenye gurudumu la meza, uzi umezunguka mguu wa rafu mara nyingi kama mtu aliufunga. Na chini ya kanyagio la cherehani, umenasa kwenye kutu, unyoya mmoja mweupe.

Sikuugusa. Nilikaa nao kwa muda.

Mama alikuja akasimama mlangoni. Nilisikia pumzi zake, na nilisikia jinsi alivyokuwa anapanga maneno na kuyapangua.

"Nikusaidie?" akauliza.

"Nimekukasirikia, Mama."

"Najua."

"Nimekukasirikia sana, na nitakuwa nimekukasirikia kesho."

"Najua, mwanangu."

Nikaokota uzi wa kijani, nikautia koponi.

"Haya, shuka," nikamwambia. "Anzia kule chini ya kabati."